Wakazi wa Mtaa wa Wino

Tarehe 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na mke wangu ambaye alinishauri nisikusumbue, natangaza rasmi kwako, na kupitia kwako kwa ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, kwamba mashine kubwa ya fotokopi ya ofisi ya ramani imeaga dunia. Ilianza kwa kukohoa, ikatoa moshi, na Jumatatu asubuhi ikakata roho mbele ya karani wake, karatasi ikiwa imeingia nusu. Haikuacha mjane wala yatima. Imeacha kazi tu, na kazi hiyo imevuka barabara na kuingia dukani kwangu.

Najua unatikisa kichwa: mtu mzima, ana mvi mpaka masikioni, ananiandikia habari za mashine. Vumilia, nitafika. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu kwa kelele habari za mvua, na jirani zangu wote wakajua kwamba kwenu kumenyesha.

Sisi wazima. Mke wangu anasema nimenenepa, na mizani imekuwa upande wake. Binti yangu, mjukuu wako muuguzi, amehamishiwa wodi ya watoto na anarudi nyumbani na matapishi begani akiwa anacheka. Anacheka kwa sababu nyingine pia. Kuna kijana, fundi umeme, mpole, ambaye kila akija kututembelea huondoka ametengeneza swichi moja. Nyumba sasa inawaka vyumba vyote. Tumempenda.

Wazazi wake walikuja wiki iliyopita kutuona. Mama yake ni mcheshi. Baba yake ni mpima ardhi mstaafu, mrefu, mkavu, anakaa kitini kama kwamba kiti na yeye vilipimwa pamoja. Akaniuliza, "Ninyi mizizi yenu iko wapi hasa?"

"Hapa hapa mjini, mzee."

"Mji una mitaa."

"Tumepanga sehemu nyingi."

"Na kazi ni fotokopi."

"Ndiyo."

"Yaani kunakili kazi za watu."

Hakusema kwa ubaya, Shangazi. Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Kisha akaongeza kwamba anapenda kujua mtu anasimama wapi kabla hajampa mkono, na kwamba watarudi tarehe 20 Aprili kutoa neno la mwisho. Mjukuu wako alikuwa anamimina chai. Nilimwona anaimwaga nje ya kikombe, na yule ni mtu anayechoma sindano watoto wanaorusha mateke.

Sasa sikiliza. Juzi karani wa ramani aliniletea ramani ya zamani ya mji, imechanika kwenye mikunjo. Naigeuza, naipanga kwenye kioo, macho yangu yanaanguka juu ya kituo cha treni, na pale naona kistari kifupi chenye maandishi mazuri ya mkono: *Mtaa wa Wino*.

Wino! Si ndivyo mji mzima ulivyomwita baba yako, babu yangu? Marehemu baba alitwambia babu alikuwa "mkubwa wa ramani". Alitwambia nyumba aliyozaliwa ilikuwa na milango saba. Hakutwambia kwamba tulikuwa na mtaa! Nimekikuza kistari kile asilimia mia mbili, kisha mia nne, mpaka neno Wino limekuwa kubwa kama ndoo na halisomeki tena.

Wewe ndiye pekee uliyebaki wa nyumba ile. Niambie: tuliishi hapo?

Mwanao,
Kopi

*

Tarehe 27 Februari

Mwanangu Kopi,

Marahaba. Pole kwa msiba wa mashine. Mungu awape subira.

Barua yako ilifika kwa jirani yangu, fundi redio, ambaye ndiye hunichukulia posta. Aliitia mfukoni mwa koti, koti likaenda kufuliwa. Maneno yako mengi yamefutika lakini majigambo yamebaki, yale wino wake ni mzito.

Mimi sijambo. Goti langu sasa linatabiri hali ya hewa na jirani wanakuja kuliuliza kabla ya kuanika nguo. Jogoo wa nyumba ya pili ameanza kuwika baada ya chakula cha mchana. Nadhani naye amestaafu.

Nimefurahi kuhusu mjukuu wangu. Kijana anayetengeneza swichi bila kuombwa huyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Baba yake akikuuliza tena unasimama wapi, mwambie unasimama kwa miguu yako, na mmoja una chunjua.

Kuhusu ramani. Ramani ni karatasi, mwanangu, na karatasi haijawahi kumkatalia mtu. Unaniuliza kama tuliishi hapo. Nilikuwa mtoto, na watoto hawasomi majina ya mitaa. Nakumbuka mvuke. Nakumbuka mashuka mengi meupe. Basi.

Mrudishie karani ramani yake. Na usimkuze babu yako asilimia mia nne, alikuwa mtu mfupi.

Msalimie mkeo. Mwambie aseme yote ya mizani, mimi nipo nyuma yake.

Shangazi yako

*

Tarehe 11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na goti nalo shikamoo.

Huku tunaendelea. Mke wangu amenipikia bila mafuta wiki nzima na hakuna aliyepungua isipokuwa paka.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Mtu mwingine angeona unakwepa. Mimi nimeona unyenyekevu, tabia ya watu waliozaliwa pakubwa. Umesema mvuke. Umesema mashuka mengi meupe. Shangazi, enzi zile, ni nyumba gani iliyokuwa na bafu la maji moto na mashuka ya kubadilisha? Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Labda." Hiyo "labda" yake naijua, lakini sikuijali.

Utafiti umesonga mbele. Karani sasa ananiletea ramani hata ambazo hazihitaji kunakiliwa, kwa sababu dukani kwangu kuna feni. Nimezipanga tatu sakafuni. Kwenye ile kongwe kabisa, juu ya kituo cha treni, hakuna kitu ila vialama vya matete. Ya pili, ambayo mji uliitumia miaka mingi, ina Mtaa wa Wino, umenyooka, umeandikwa vizuri kuliko mtaa wowote. Ya tatu: hakuna! Matete yamerudi! Mtaa mzima umetoweka kana kwamba ng'ombe ameulamba.

Hesabu ni rahisi. Babu alikuta matete, akayafyeka, akaanzisha mtaa. Kisha, baada ya kufa kwake, pakatokea mtu. Mtu mwenye wivu, aliyekaa ofisini akachukua kifutio na kutufuta. Nakuapia, Shangazi, nikimjua mtu huyo nitamtazama machoni nimwulize ukoo wetu ulimkosea nini.

Ile ramani ya pili nimeinakili kwa ukubwa wa mlango na kuitia fremu. Iko sebuleni, mahali palipokuwa na picha ya harusi yetu. Mke wangu hajasema kitu, na ndilo linalonitia wasiwasi. Tarehe 20 Aprili baba mkwe mtarajiwa atakapokaa kwenye kile kiti, mizizi yetu itakuwa inamtazama. Naye si mtu mdogo: karani anasema pale ofisini kwao wafanyakazi wa zamani hadi leo wanamwita "Mkazi". Bila shaka ana nyumba nyingi.

Jambo moja zaidi, usinicheke. Mashine ilikuwa imepoa, karatasi ngumu zilikuwepo, nikachapa kadi za harusi. Za mfano tu. Juu zimeandikwa: *Familia ya Mtaa wa Wino ina furaha kukualika.* Nimechapa boksi moja.

Nakuomba barua fupi, kwa mkono wako, kwamba ulizaliwa Mtaa wa Wino. Nitaisoma mbele yao. Mjukuu wako siku hizi hacheki sana. Jana alinikuta naifuta fremu vumbi, akasema, "Baba, na wakikataa?" Nikamwambia hawawezi kukataa mtaa mzima.

Mwanao,
Kopi

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo goti halina habari na jogoo hana habari.

Umekata mbeleko na mtoto hajazaliwa, na sasa unataka mimi niishike ncha. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilimpa fundi redio anisomee tena, labda macho yangu yamekosea. Alisoma, akaniuliza kama uliwahi kuanguka utotoni.

Kaa chini. Ondoka mbele ya hiyo fremu kwanza.

Baba yangu hakuwa mkubwa wa ramani. Wapima walipima, wachoraji walichora, na ramani ikishakwisha aliletewa yeye aandike majina: mto fulani, barabara fulani, shule. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuandika majina kwa kalamu, na vidole vyake havikuwahi kutakata. Ndiyo maana ya Wino. Alikuwa na mwandiko ambao watu walisimama kuutazama. Chumba alikuwa nacho kimoja, cha kupanga, nyuma ya kwa dobi. Milango saba ilikuwepo, babako hakusema uongo. Mmoja ulikuwa wetu. Mvuke ulikuwa wa pasi za dobi, na mashuka yalikuwa ya hoteli.

Alimpenda mama yangu. Baba wa mama yangu alikuwa seremala, mtu wa rula na penseli sikioni. Akasema, "Simpi binti yangu mtu asiye na anwani. Nionyeshe kwenye ramani ya serikali utakapomweka." Hakutegemea jibu. Ramani mpya ilikuwa mezani kwa baba siku hizo, inasubiri kwenda kiwandani. Akaona pale penye matete hapana neno lolote. Hapakuwa na wa kulalamika. Akavuta kistari, akakiandikia jina. Ilipotoka kiwandani, imepigwa muhuri, akaikunja vizuri, akampelekea seremala. "Hapa," akasema.

Seremala hakujua kusoma ramani, ila mihuri aliijua. Akatoa binti.

Hakuna mtaa, Kopi. Haukuwepo hata siku moja. Nilimwacha babako ajigambe kwa sababu alikuwa kaka yangu, na alikuwa na vitu vichache vya kujigambia. Wewe unavyo zaidi. Una mke anayesema "labda".

Teremsha ramani. Rudisha picha ya harusi. Kadi washia jiko. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yenu hata kwa asilimia mia nne haifiki kidole.

Shangazi yako

*

Tarehe 23 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 2 imechelewa kunifikia, nimeipata leo. Posta siku hizi! Hata hivyo mambo yalikwenda vizuri. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaondoka.

Sote wazima. Paka ameanza kunenepa.

Mwanao,
Kopi

*

Tarehe 9 Mei

Mwanangu Kopi,

Marahaba.

Tangu ulipojifunza kuandika hujawahi kuniletea barua isiyojaza karatasi pande zote mbili. Hata ulipong'olewa jino uliandika mpaka pembeni. Sasa binti yako anatolewa posa, jambo la kuandikiwa daftari zima, nawe unaniambia paka amenenepa.

Sikuulizi. Ila nitakulipa kabla hujafanya kazi: nitakupa nusu niliyoificha, nawe utanipa ya kwako.

Mama yangu alikuwa binti wa seremala. Usidhani alikubali kitu kwa kuwa kimepigwa muhuri. Baba yake alipoikunjua ile ramani mezani, yeye aliitazama kwa nyuma ya bega lake. Kesho yake, kabla harusi haijapangiwa siku, alidanganya anakwenda dukani, akaenda juu ya kituo cha treni kuutafuta mtaa wake. Peke yake. Alikuta matete. Akavua ndala, akazishika mkononi, akaingia, maana labda mtaa ulikuwa mbele kidogo. Maji yakamfika magotini. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na njia. Vyura tu, wengi, wanapiga kelele mchana kweupe.

Akasimama mle, aliniambia, mpaka akaelewa. Kisha akacheka mpaka vyura wakanyamaza.

Alivyorudi nyumbani na gauni limelowa, seremala akamwuliza, "Umetoka wapi?"

"Nimekwenda kuuona mtaa, baba."

"Ukoje?"

"Mtulivu. Una hewa nzuri. Majirani wanapenda kuimba."

Aliolewa mwezi uliofuata, akaishi miaka yote nyuma ya kwa dobi, na kila alipokasirika na baba alikuwa akisema, "Ipo siku nitahamia mtaani kwangu," na baba akawa anageukia dirishani. Hakumwambia kamwe kwamba alikwenda. Baba yangu alikufa akiamini kwamba alifaulu kumdanganya mwanamke yule, na mama aliona si vizuri kumharibia. Mimi aliniambia alipokuwa mzee, akanikataza kuisema. Nimeisema. Mficha uchi hazai, na mimi nataka vitukuu.

Haya. Zamu yako. Pande zote mbili za karatasi.

Shangazi yako

*

Tarehe 1 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 2 Aprili haikuchelewa. Posta naiomba radhi. Ilifika siku nne kabla ya wageni, nikaisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Sikumwonyesha mke wangu. Niliitia kwenye trei ya mashine ndogo ya dukani, ile mbovu, mahali ambapo hakuna mtu anayetia mkono.

Nilikwenda kuiteremsha fremu, kweli nilikwenda. Nilipanda juu ya stuli, nikaishika. Kisha nikalikumbuka lile neno, kunakili kazi za watu, nikashuka, nayo ikiwa bado ukutani. Nilijiambia sitasema uongo. Nitamwacha mzee aitazame tu. Kama ramani itasema uongo yenyewe, hayo ni yake.

Walifika. Mama wa kijana alikaa karibu na mke wangu wakaanza kucheka mara moja, sijui kitu gani. Kijana akatazama balbu. Mpima ardhi akaketi kwenye kiti chake, akainua macho, akaiona.

Akanyanyuka, akaisogelea, akavaa miwani, akaweka kidole. Mimi kwa ujinga wangu nikaona kimya kile ni heshima.

"Huo," nikasema, "ni mtaa ulioanzishwa na babu yangu."

Sikusema uongo, Shangazi. Utazame huo usemi wangu vizuri, una ufundi.

Akageuka polepole. "Kumbe," akasema, "ni ninyi."

"Ni sisi," nikasema, nimejaa kama kifaranga.

"Babu yako aliishi hapa?"

"Hapo palikuwa na hewa nzuri sana, mzee." Haya maneno sijui niliyatoa wapi. Nakuapia barua yako ya vyura ilikuwa bado hujaiandika.

"Watu wa huko," akaniuliza, "huwa wanavaa viatu gani?"

Nikafikiri ni utani wa wapima. Nikacheka. Hakucheka mtu mwingine, isipokuwa mkewe, ambaye alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kitenge na mabega yanamruka.

Basi akatusimulia, amesimama vile vile na kidole kwenye kioo. Alipoajiriwa, kijana mdogo, kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa kupima Mtaa wa Wino ili upelekewe bomba la maji, maana kwenye ramani ulionekana hauna bomba. Akaenda na kamba na vigingi. Aliingia kwenye matete asubuhi, akatoka jioni, kiatu kimoja kimebaki mle. Akamwambia mkubwa wake, "Bwana, hakuna mtaa." Mkubwa akamjibu, "Ramani ina muhuri, wewe huna. Rudi." Akarudi. Alirudishwa mara nyingi. Mwishowe wakakubali, wakaufuta, lakini kwa wenzake hakuna aliyesema mtaa haupo. Walisema yeye ndiye alipotea. Wakampa jina: Mkazi. Mkazi wa Mtaa wa Wino. Mpaka siku ya kumuaga walimpa zawadi ya mabuti ya mpira.

"Nimemtafuta mtu aliyeandika jina hili," akasema, "tangu sijaota ndevu."

Ndiye niliyeapa kumtazama machoni, Shangazi. Nilitazama biskuti.

Binti yangu akasema, taratibu, "Baba. Sema." Alijuaje? Baadaye mke wangu aliniambia kwamba mashine ndogo ilitengenezwa na fundi umeme siku mbili kabla, na kwamba fundi yule huanza kwa kutoa kila kitu kwenye trei. Nyumba nzima ilikuwa imeisoma barua yako. Walikuwa wananingoja mimi.

Nikasema. Nikasimulia chumba cha nyuma ya kwa dobi, seremala, kistari. Nilipomaliza, mzee akavua miwani.

"Kwa hiyo mtu alimdanganya mkwe wake kwa ramani."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe, ukijua, umeniwekea ramani hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Kwenye fremu."

"Ndiyo."

Akachukua kofia. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Mkewe akamfuata, akimwangalia mke wangu kwa macho ya kuomba samahani, na kijana akawafuata wazazi wake bila kugusa swichi yoyote. Hayo ndiyo niliyokuandikia kwamba wageni walikunywa chai wakaondoka.

Mjukuu wako hakunigombeza. Alikuwa anaondoka kwenda kazini mapema na kurudi amechelewa, ananiamkia vizuri, "Shikamoo baba," kisha mlango. Ningependa angenirushia kikombe. Nilirudisha picha ya harusi ukutani na hata yenyewe ilinitazama vibaya. Nilikuwa mwembamba na mwaminifu.

Kisha ikaja barua yako ya vyura.

Hii sikuificha. Nilimpa binti yangu aisome kwanza. Alisoma mlangoni, sare ya kazi ikiwa mwilini, na alipofika kwa majirani wanaopenda kuimba akaketi chini pale pale. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Akanirudishia, akasema, "Mpelekee."

"Nani, mimi?"

"Nani mwingine ana fremu?"

Nikaenda. Mzee alikuwa anapalilia bustani yake, mistari ya mchicha imenyooka kama imechorwa. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikasimama upande wangu wa ua nikamsomea kwa sauti. Alikuwa ananipa mgongo. Nilipofika mahali bibi anavua ndala, jembe likasimama.

"Aliingia?"

"Aliingia, mzee. Mpaka magotini."

"Upande gani? Wa reli au wa juu?"

"Barua haisemi."

"Atakuwa upande wa reli. Upande wa juu asingetoka." Akafikiri. "Na alitoka na ndala zote mbili?"

"Alikuwa amezishika mkononi."

"Mwanamke mwenye akili," akasema. Akageuka, na uso wake, Shangazi, sijui nikuelezeje. Ulikuwa uso wa mtu ambaye miaka mingi anasimulia kwamba aliona kitu, na leo amepata shahidi. "Kwa hiyo tulifika wawili."

"Mlifika wawili."

"Nilidhani ni mimi tu."

Akanawa mikono, akavaa yale mabuti ya mpira, tukaenda. Siku hizi ni uwanja wa kuoshea malori. Maji yamejaa, waoshaji wakatuona sisi wazee wawili tumesimama katikati ya povu wakatuuliza gari letu liko wapi. Mkwe akanionyesha ulipobaki mguu wa kiatu. Mtaroni, nakuambia ukweli wa Mungu, kulikuwa na vyura. Tulisikiliza kidogo. Hawaimbi vizuri. Bibi aliwapendelea.

Wakati wa kurudi nikamwambia, kwa unyenyekevu wote ambao mwili wangu unao, kwamba nina boksi la kadi nilizochapa kwa ujinga, na kwamba mke wangu ameniruhusu kuzichoma, na nikamwambia zilivyoandikwa juu. Akatembea mbele yangu mpaka tukafika kwao. Nikaona basi, nimeharibu tena. Akafungua geti, akavua mabuti, akayakung'uta moja baada ya jingine.

"Usichome," akasema. "Wagawie watu."

"Lakini mzee, wageni watautafuta mtaa. Watapotea."

"Wakipotea nitawafuata mimi. Njia naijua."

Mwanao,
Kopi